Niko mwaka wa tatu, naweza kusajiliwa kuwa ajenti wa nyumba ama nisubiri nimalize?

kijana_wa_tudor

Salaam wakubwa na wadogo. Naomba msaada kwa wenye kuelewa haya mambo manake nshaulizia watu watatu na kila mtu ana lake.

Mimi nasomea biashara chuo hapa Tudor, Mombasa, mwaka wa tatu, nina miaka 20. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikiwatafutia wenzangu vyumba, ilianza hivi hivi tu, mtu katoka Taveta ama Wundanyi hajui mji, kaambiwa hosteli zimejaa, basi namzungusha Tudor, Mikindani, Magongo mpaka apate, ananipa mia tano ama mwenye nyumba ananitilia elfu moja kwa M-Pesa. Saa hii nina grupu ya WhatsApp na kila chuo kikifunguliwa simu hailali. Sasa mwezi uliopita mzee mmoja wa Bamburi mwenye ploti ya vyumba 12 kaniambia nimsimamie yote, nikusanye kodi, niite fundi bomba likipasuka, nitafute mpangaji mtu akihama, yeye anipe asilimia kumi. Nikafurahi lakini bintiye ni wakili, akaniuliza hapo hapo kwenye chai, "leseni unayo?" Nikabaki kukodoa macho tu.

Maswali yangu ni haya. Kwani kweli kuna leseni ya kazi hii Kenya? Na kama iko mwanafunzi aweza kuipata kabla hajamaliza? Binamu yangu aniambia kaona YouTube ati ni kozi ya saa sitini na kitu halafu mtihani, mwezi mmoja umemaliza. Niambieni yafanywa wapi nijisajili wiki hii hii.

dalali_mlango_wa_papa

Mwanangu, mimi nimefanya udalali miaka 27 na hakuna siku hata moja mtu kaniuliza karatasi. Nimeuza nyumba Majengo, nimepangisha maduka Mwembe Tayari, nimetafutia watu godauni Shimanzi. Leseni ya dalali ni uso wake. Nikikupeleka nyumba yavuja halafu nikakwambia haivuji, Ijumaa ntapita wapi na wewe wanijua nakoswali? Chukua kazi ya huyo mzee usimsubirishe, nyinyi mliosoma mwaogopa sana mpaka riziki yawapita mkiitazama.

binti_makadara

Shikamoo mzee wangu, na kwa heshima zote hapo nakupinga kidogo. Mimi nimesajiliwa na kazi naifanya hapa hapa mjini, kwa hivyo kijana sikiza vizuri hii ndefu.

Leseni iko, na si ya jana. Kuna Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533 ya sheria za Kenya, ya mwaka 1984, na ndiyo iliyounda bodi ya kusajili maajenti ambayo watu huita EARB, iko Nairobi. Watu wengi hawaijui manake madalali wamejaa kila kona na hakuna askari anayewasimamisha njiani, lakini sheria ipo na maneno yake ni mapana kuliko unavyodhani. Haisemi tu mwenye ofisi na bango. Yasema kumkutanisha mwenye nyumba na mpangaji, au muuzaji na mnunuzi, ama kusimama katikati mkapatana bei, ukifanya hivyo kama kazi yako basi hiyo ndiyo kazi ya ajenti na wafaa uwe umesajiliwa. Yaani hiyo grupu yako ya WhatsApp na ile mia tano, pole sana mdogo wangu, imo ndani. Na kusimamia ploti ya watu imo vilevile. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi 20,000 ama kifungo kisichozidi miaka miwili ama vyote viwili. Najua utasema elfu ishirini si kitu siku hizi, na ni kweli faini hiyo imezeeka, lakini hiyo miwili ya ndani haijazeeka.

Kitu kinachouma zaidi ya faini ni komishoni. Mtu asiyesajiliwa akidhulumiwa hana pa kwenda, mahakama hapa Kenya zishatupa kesi za watu waliotafuta wanunuzi wa mali kubwa kubwa halafu wakanyimwa haki yao, manake ukisimama mbele ya hakimu kudai ujira wa kazi ambayo sheria yasema hukuruhusiwa kuifanya, wajishtaki mwenyewe. Mzee wangu wa Mlango wa Papa nadhani yashakukuta hata kama hutasema 😅

Sasa swali lako lenyewe. Kwa miaka 20 huwezi, hilo ni la kwanza, umri ni kuanzia 21. La pili bodi yataka masomo ya kazi hii yenyewe, digrii ama diploma wanayoikubali, mambo ya uthamini wa mali, sheria ya ardhi, usimamizi wa majengo, uchumi wa ardhi. University of Nairobi wana digrii yake kamili, zamani ikiitwa Land Economics, siku hizi yaitwa Real Estate. Njia nyingine ni kuwa mwanachama kamili wa taasisi ya wapima ardhi na wathamini, ISK, kwenye tawi la mambo ya uthamini na usimamizi wa mali. Biashara tupu haikuingizi moja kwa moja, ingawa hesabu na sheria ya mikataba unayosoma haitapotea. La tatu ni uzoefu, uwe umefanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, si kuzungusha watu kivyako. Halafu ukipita wapata cheti cha usajili, na juu yake kila mwaka wakata cheti cha kufanya kazi kinachokwisha tarehe 31 Desemba. Usipokikata jina lako halichapishwi kwenye orodha ya Gazeti la Serikali na mwaka huo wewe ni kama hawa wengine tu. Mimi wanishika kila Disemba, nakunywa panadol.

Na tafadhali usichanganye na mthamini. Anayetoa ripoti ya bei ya nyumba kwa ajili ya mkopo wa benki ni mtu mwingine, ana sheria yake Sura ya 532 na bodi yake. Nakutana na vijana wana karatasi ya huku wanadhani yafaa kule.

kuze_mpaka_tampa

😂😂 hiyo ya binamu yako naijua, mimi niko Florida mwaka wa nane sasa na hiyo video nshaitumiwa na ndugu zangu zaidi ya mara tatu. Saa sitini na kitu ni saa 63 na ni ya HUKU, Florida, ndo kozi ya mtu anayeanza kuwa sales associate, yaani ajenti mdogo, halafu wafanya mtihani wa jimbo maswali 100 na lazima upate 75. Umri 18 tu. Na ukishapata huruhusiwi kufanya peke yako, lazima leseni yako ining'inie chini ya broka, yaani hata huku mtoto hajiachii hivi hivi. Komishoni haikujii wewe moja kwa moja yapitia kwake.

Kila jimbo lina sheria zake, ndugu yangu aliye Texas alifanya saa 180, kozi sita za saa 30 thelathini. California ni kozi tatu, jumla saa 135. Na wanafunzi wa chuo huku wana bahati kidogo manake kozi za chuo zikiwa ni za mambo hayo hayo zaweza kuhesabiwa, hapa Florida mwenye digrii ya miaka minne ya real estate hasomi zile saa 63 kabisa, aenda mtihani tu. Mimi nilifanya nikiwa bado nasoma koleji, usiku nasoma, mchana naosha magari.

Lakini hiyo karatasi hata uivalishe fremu ya dhahabu hapo Bamburi haina kazi. Nishaona kijana kalipa pesa za kozi ya online ya Marekani akiwa Kisauni akidhani ni ya dunia nzima. Mwambie binamu yako asome maandishi madogo chini ya video.

mama_wawili_mtwapa

Nasoma hapa nimekunja ndita manake mimi ni upande wa pili, mpangaji. Mwaka juzi nilihama kutoka Kisauni nikatafutiwa nyumba na kijana mmoja hodari kweli kweli, msafi, anaongea, ana vitambulisho vimening'inia shingoni kama daktari. Nikamlipa kodi ya mwezi na dipoziti ya miezi miwili, zote kwa namba yake. Siku ya kuhamia na gari la mizigo nje na watoto juu ya magodoro nakuta kuna mama mwingine yumo ndani anapika, naye kalipa kwa kijana huyo huyo. Mwenye nyumba mwenyewe hamjui kijana wala hajapokea hata senti. Nililala kwa dadangu wiki tatu.

Kwa hivyo wewe kijana sikwambii mambo ya sheria siyajui, nakwambia pesa ya mtu isikae kwa simu yako. Mimi siku hizi hata awe malaika nataka kumuona mwenye nyumba na nalipa kwa akaunti ya mwenye nyumba, asiyetaka aende.

binti_makadara

Pole sana dada. Na hapo ndo penyewe hasa manake watu wadhani leseni ni karatasi ya kutundika ukutani. Ajenti aliyesajiliwa atakiwa aweke pesa za wateja kwenye akaunti yake mbali, si na pesa zake za sukari, na vitabu vya hesabu viwepo. Akifanya kama alivyofanya huyo wako una mahali pa kumshtaki na bodi yaweza kumfuta. Kabla hujampa mtu pesa muulize namba ya usajili na cheti cha mwaka huu, si cha mwaka jana, halafu angalia jina lake kwenye orodha. Hivyo vitambulisho vya shingoni hata mimi naweza kuwachapishia nyote hapo Biashara Street mchana mmoja.

dalali_mlango_wa_papa

Marahaba binti. Umenikamata pale pa komishoni, sitakudanganya. Mwaka 2011 nilimtafutia mtu mnunuzi wa nyumba Tudor, wakapatana kwangu nikiwa nimekaa katikati yao, siku ya kulipana wakaenda kwa wakili wao wawili mlango wa nyuma. Nilipodai niliambiwa "kwani wewe nani?" Nikarudi nyumbani.

Ila na mimi niseme langu manake hao wa bodi wakija Mombasa na vitabu vyao vya Nairobi kuna vitu havimo, kijana uvijue. Hapa kwetu kuna nyumba bila ardhi. Nyumba ya mtu na ardhi ya mtu mwingine. Majengo, Kisauni, Likoni, hata huku ndani ndani. Mwenye nyumba kajenga, ana ukuta na paa na wapangaji vyumba sita, lakini kila mwezi apeleka ijara, yaani kodi ya ardhi, kwa mwenye ardhi, na mwenye ardhi kesho aweza kuuza ardhi na watu juu yake. Akija mtu wa bara akaona bei ni rahisi aruka kwa furaha, hajui kanunua mawe na makuti. Nishaona mtu kauza shamba kwao kuja kununua nyumba ya namna hiyo, siku ya kuambiwa habari ya ijara akakaa chini pale pale barazani. Dalali aliyemuuzia, na si mimi, alikuwa kashavuka feri zamani.

Hayo nani atamfundisha darasani?

binti_makadara

Mzee hapo sina la kukupinga, nakushukuru. Nami naongeza wakfu. Hasa huku kisiwani ziko ploti ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, na wakfu haiuzwi, aje nani aje na karatasi gani, na bado utaona mtu akitembeza picha za ploti kama hiyo kwenye simu ati "owner anauza haraka". Ndo maana kabla hujasema neno kwa mnunuzi wafanya sachi kwenye ofisi za ardhi uone jina la nani limo na kuna deni ama zuio gani juu yake. Hii fujo yetu ya Pwani ina mizizi mirefu, mkoloni alileta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908 kwa huu ukanda wa maili kumi, asiyedai kwa maandishi ardhi yake ikaandikwa ya serikali, na wazee wetu wangapi walijua habari ya kudai kwa maandishi? Mpaka leo twala matunda yake. Nilipoitwa kuhojiwa mbele ya bodi niliulizwa mambo ya sheria na uthamini nikajibu, lakini iliyonisaidia kazini ni miezi niliyotembea kwa miguu na mzee mmoja kama wewe. Kwa hivyo kijana chukua vyote.

kijana_wa_tudor

Daah. Wakubwa asanteni, nimesoma mara mbili. Binamu nshamtumia jibu la huyu wa Tampa kasema "si wote ni nyumba tu" 😂

Kwa hivyo nieleweje, niwaambie wenzangu sitafuti vyumba tena? Na mzee wa Bamburi nimwambieje manake kashamfukuza keateka wa zamani anangoja mimi. Hesabu yangu nilipiga hivi, vyumba 12 kwa 4,500 ni 54,000, asilimia kumi ni 5,400 kwa mwezi, hiyo ni nauli na chakula changu muhula mzima. Sina mtu wa kunilipia hivyo vitu.

binti_makadara

Nakuelewa, sote tulipita hapo. Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nenda kwa mzee mwambie ukweli, kwamba huwezi kuwa ajenti wake bado, lakini aweza kukuandika kazi kama mfanyakazi wake mwenyewe kwenye ploti yake mwenyewe, mshahara kwa mwezi na barua. Hapo humtafutii kila mtu kwa komishoni, wamfanyia kazi mwajiri wako kwenye mali yake, ni jambo jingine. Hiyo barua umuombe bintiye wakili aiandike, si alikuuliza yeye? basi amalizie. Kodi iingie moja kwa moja kwa akaunti ya mzee, kama alivyosema mama wa Mtwapa, wewe ubaki na daftari na nakala za risiti.

Na umuulize kama analipa kodi ya serikali ya mapato ya nyumba, wengi hawalipi halafu KRA, mamlaka ya ushuru, ikija kila mtu amuangalia aliyekuwa akikusanya. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, zamani ilikuwa 10, kwa mwenye kuingiza kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ploti yake kwa hesabu yako ni 648,000 kwa mwaka, yumo. Kwa 54,000 ni 4,050 kila mwezi, yalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na yapigwa juu ya kodi yote ya wapangaji bila kutoa gharama ya rangi wala fundi bomba. Ukimfungulia mzee hiyo tu vizuri kwenye mtandao hatakuachilia.

Chuoni, hiyo digrii yako imalize usiiache. Ukimaliza tafuta diploma ya mambo haya haya inayokubaliwa na bodi, uwaulize bodi wenyewe kabla hujalipa karo manake viko vyuo vinatangaza kozi za nyumba ambazo ukienda nazo hazitambuliki. Na atachi yako, yale mafunzo ya kazini, ya mwaka huu badala ya kwenda kukaa kwenye ofisi ukituma watu chai, itafute kwa ajenti aliyesajiliwa. ISK pia wana uanachama wa wanafunzi, waulize kama kozi yako yaingia. Na jizoeze kuuliza mteja pesa zake zatoka wapi, siku hizi ajenti wa nyumba yuko kwenye orodha ya wanaotakiwa kuripoti pesa zenye shaka, na tangu Kenya itiwe kwenye ile orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa ulegevu wa kuzuia pesa haramu, Februari 2024 hawacheki na mtu.

Grupu ya WhatsApp iache iwe ya wanafunzi kusaidiana, bure.

dalali_mlango_wa_papa

Bure?? 😂 Haya. Binti mimi nina miaka 58 na cheti cha darasa la nane, nami nifanyeje?

binti_makadara

Mzee wangu kwako nna pendekezo jingine na sitaliandika hapa mbele za watu. Ofisi yangu ina kiti kimoja kitupu na sina mtu wa kunionyesha Mlango wa Papa nyumba gani ni ya nani. Niangalie inbox.

mama_wawili_mtwapa

Mkishaungana nitafutieni nyumba ya vyumba viwili upande wa Shanzu, isiwe mbali na barabara. Nalipa kwa akaunti ya mwenye nyumba lakini.

kijana_wa_tudor

Nimetoka Bamburi sasa hivi. Mzee kakubali mshahara, kasema 5,000 hataki hesabu za asilimia, na bintiye aandika barua Jumatatu. Ya kodi ya KRA nilipoitaja alinyamaza sana halafu akaagiza chai nyingine. Nakaa na yeye kesho tena na laptop.